Dirisha la Kuagia

Kwa kumtoroka mtoto, Baba Kidoti alijiona fundi. Alikuwa na hakika kwamba mtoto mdogo haagwi. Ukimuaga unamwanzishia kilio, na kilio cha mtoto kikishaanza hakina breki. Dawa yake ni kumpa kitu cha kuchezea, kungoja ageuke, halafu kuchomoka kimya kimya, viatu mkononi. Ndivyo alivyofundishwa na mama yake, na ndivyo walivyofanya wote kwao. Hakuna aliyekufa.

Kwa hiyo siku ya kwanza ya chekechea, mwalimu alipomweleza utaratibu wa pale, alimsikiliza kwa adabu huku moyoni akimcheka. Mwalimu alikuwa mama mmoja mrefu, mwenye sauti ya chini, aliyeisema lugha ya nchi ile polepole makusudi ili mgeni amwelewe.

"Mzazi anakaa nasi kidogo," alisema. "Halafu anamwambia mtoto: naondoka, nitakuja kukuchukua mkishaamka usingizi wa mchana. Anatoka, anazunguka nje, anasimama kwenye dirisha lile na kumpungia mkono. Mtoto lazima amwone akienda."

"Na akilia?"

"Atalia. Sisi tupo."

Baba Kidoti akaitikia kwa kichwa. Sisi tupo! Watu wa huku bwana, alijisemea, hata kilio wamekijengea dirisha.

Akakaa kwenye kiti cha watoto, magoti yakimfikia kidevuni. Chumba kilinukia rangi za maji na sabuni ya sakafu. Ukutani palikuwa na vindoano vya makoti, kila kimoja na picha yake. Cha Kidoti kilibandikwa konokono. Mwenyewe Kidoti, mwenye miaka miwili na nusu na doa jeusi shavuni lililompa jina, alikuwa amemng'ang'ania suruali kama kupe.

Saa ukutani ilikuwa inamla roho. Alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, kwenye mashine ya kunyoosha shuka. Mashine ile hulishwa na watu wawili, huyu anashika pembe hii na yule pembe ile. Mmoja akikosekana, mwenzake anasimama mikono mitupu na shuka zinarundikana mpaka kiunoni. Msimamizi alikuwa amemkubalia kuchelewa wiki hiyo tu, tena kwa kununa. Mama Kidoti hakuwa wa kumtegemea asubuhi, maana alitoka alfajiri kwenda kuogesha wazee wa watu.

Basi fundi akatumia ufundi wake.

"Kidoti, tucheze kujificha. Funga macho, mimi nijifiche, wewe unitafute."

Ulikuwa mchezo wao wa nyumbani. Katika vyumba vyao viwili hapakuwa na pa kujificha, kwa hiyo kila siku baba alijificha nyuma ya pazia lile lile, miguu nje, na kila siku Kidoti alifurahi kumpata kana kwamba ni mara ya kwanza. Mtoto akaachia suruali. Akajifunika uso kwa viganja vyote viwili, akaanza kuhesabu namba alizozijua: moja, mbili, moja, mbili. Hakuchungulia hata kidogo. Baba mtu akachomoka. Alipopita kwenye dirisha la kuagia aliinama kama mwizi wa kuku, na ndani ya basi alitabasamu peke yake.

Alipomfuata mchana, mwalimu alimpokea mlangoni.

"Hakulia," alisema.

Uso wa Baba Kidoti ukakunjuka. Unaona?

"Alikutafuta," mwalimu akaendelea. "Alianza na pazia, huku anacheka. Akaenda chini ya meza. Akanyanyua makoti yote, moja moja. Akanishika kidole nimfungulie kabati la karatasi. Baadaye akaacha kucheka, lakini kutafuta hakuacha. Chakula alikula amekaa chini, karibu na pazia. Wenzake wakilia tunawabembeleza. Huyu tungembembeleza nini? Kila tukimwambia baba yuko kazini, anakataa kwa kichwa na kutuonyesha pazia."

Kidoti alikuja polepole, koti begani. Hakukimbia wala hakununa. Akamgusa baba yake gotini kwa kidole kimoja.

"Nimekupata," akasema, bila kucheka.

Jioni hiyo hakukubali kufumba macho. Alipooshwa uso aliyakodoa ndani ya povu, yakawa mekundu, na bado akayakodoa huku machozi yanamtiririka. Kitandani alilala chali akimtazama baba yake, kope zikimwelemea, akishtuka kila zinapokutana.

"Umemfanya nini mtoto?" Mama Kidoti aliuliza. Alikuwa ndiyo kwanza anavua viatu vya kazini.

Akamweleza. Alijaribu kukitia kisa chumvi ya kuchekesha, lakini alipofika kwenye kuinama dirishani hakikuchekesha tena. Mkewe alimtazama mpaka mwisho.

"Tena?" akasema. Akaingia bafuni.

Tena. Kwa sababu Kidoti alikuwa na kaka yake. Mama alitangulia kuja huku, na mtoto wao wa kwanza akabaki na baba na bibi. Mwaka uliofuata baba naye akaitwa. Kijana alikuwa hajatimiza miaka minne. Baba alimtoka asubuhi na mapema, amelala, viatu mkononi, na bibi mwenyewe ndiye aliyemshikia mlango usilie. Walisema watamchukua mwakani. Mwakani hiyo ikazaa mwakani nyingine, na Kidoti akazaliwa, na kijana sasa ana miaka tisa. Katika simu hujibu "ndiyo" na "hapana", na simu humalizwa na bibi kila mara. Baba alishazoea kusema kuwa mtoto ana aibu.

Kesho yake alichelewa kazini, na atakayenuna anune. Alipiga magoti mbele ya Kidoti, akamwambia usoni: "Baba anaondoka. Nakwenda kazini. Sijifichi. Nitakuja mkishaamka." Mtoto alipiga ukelele uliowanyamazisha watoto wote. Mwalimu akamkumbatia. Baba akatoka, akazunguka, akasimama dirishani wima, akapunga mkono. Kidoti alikuwa amebandika viganja kwenye kioo, kamasi zinamchuruzika, anamlaani kwa lugha yake yote. Ilimkata maini. Alitamani ainame. Hakuinama, akapunga mpaka mwalimu alipomwashiria aende.

Mchana mwalimu alisema maneno mawili tu: "Leo alilala."

Baba Kidoti aliondoka pale mtoto begani, na njiani akawa anawaza. Lilikuwa jambo dogo kiasi hicho! Kumwambia mtu kwamba unaondoka, na kusimama akuone. Alipofika nyumbani hakuvua hata koti, akapiga simu kwao.

Mama yake alicheka alipohadithiwa jinsi Kidoti alivyokataa kufumba macho.

"Basi huyo kamrithi kaka yake," alisema. "Yeye alikuwa anabeba mto wake anaulaza mlangoni. Nikimhamishia kitandani, nageuka namkuta kesharudi. Alisema alilala ndiyo maana ukampita, kwa hiyo halali tena. Karibu mwezi mzima, mwanangu! Pikipiki ikipita tu, huyo, kasimama."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungerudi. Na kazi ulikuwa umeshaipata."

Baba Kidoti alikaa chini sakafuni. Chumvi ya jasho la kazini ilikuwa imemkaukia shingoni. Kidoti alimpanda mapajani akaanza kuchezea zipu ya koti lake.

"Mama, nipe niongee naye. Na leo usikate wewe. Nataka kumuaga mwenyewe."

"Yupo hapa hapa, anasikia kila kitu. Nimeweka sauti kubwa." Akamwita mjukuu wake kwa furaha. "Njoo, baba anataka kukuaga!"

Baba Kidoti alisikia kiti kikisogezwa, mlango ukifunguliwa, jina la mwanawe likiitwa uani mara nyingi, kisha kandambili za mama yake zikirudi taratibu.

"Loo! Sasa hivi alikuwa hapa. Nimegeuka tu, hayupo. Wala sikusikia mlio wa viatu." Mama yake akacheka kidogo. "Huyu mtoto bwana! Sijui kajifunzia wapi."