Kikwembe cha Bonane

Séphora aliona kwa macho yake, hakuambiwa na mtu: fundi Alphonse alipima watoto watatu, akakunja utepe wake, akaenda zake. Na kwao, pale mtaani Mudzipela, watoto ni wanne! Kahindo, kitinda mimba wa miaka saba, ambaye miguu haimbebi tangu azaliwe na hutembea kwa mikono akiwa amevaa sapatu viganjani, hakupimwa hata bega.

Haya, na kila Bonane, sikukuu ya mwaka mpya, mama huwashoneshea wote nguo za kikwembe kimoja, kitenge cha aina ileile, ili mtaa mzima ujue ni wa tumbo moja.

Shaka ikamwingia Séphora. Tangu vita vitulie, mtaani mtu akikuomba chumvi unajiuliza ametumwa na nani, na mtoto wa miaka kumi na moja naye huambukizwa. Jana mama alinong'onezana na jirani yao, mama Fanny, wakanyamaza yeye alipoingia. Basi imeeleweka: siku ya sikukuu wanataka kumficha Kahindo ndani. Roho ikamuuma, hasira zikampanda.

Akapekua sanduku la mama. Kikwembe cha Kahindo hakuna, hata cha kilemba. Akakimbilia kwa fundi.

"Hiyo mambo uulize mama yako," fundi akasema, macho kwenye cherehani.

Ona sasa! Hata huyu yumo.

Akarudi mbio, akamkuta mama anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mama, juu ya nini munamuficha Kahindo? Yeye si mutoto wako?"

Mama akauacha mchi. Hakufoka, na hapo ndipo Séphora alipoanza kuogopa.

"Ni yeye mwenyewe alikatala. Nilimubembeleza, mama Fanny naye akamubembeleza. Kipande chake iko kwa fundi, inamungoja. Anasema akivaa sawa na weye, utasikia haya."

"Haya ya nini?"

"Bonane ya mwaka jana, mupiga picha aliuliza huyu ni nani. Weye ukajibu: ni mutoto wa jirani."

Séphora alikuwa amesahau. Kumbe Kahindo hakusahau.

Alimkuta uani akipanga vizibo vya chupa. Akachuchumaa, akamgeuzia mgongo.

"Panda. Tunaenda kwa fundi."

Kahindo hakusogea. Alimtazama kwa jicho lilelile la shaka ambalo Séphora alikuwa akiwatazamia wengine tangu fundi aondoke.

"Na watu wakiuliza mimi ni nani?"

"Panda kwanza."

Mwishowe akapanda. Njiani watu waliwakodolea macho, na Séphora aliona haya kweli, uso ukamwaka moto, lakini hakumshusha. Kwa fundi walikuta wateja watano wamejaa mlangoni. Kabla hata mmoja hajafungua kinywa, Séphora akapaza sauti:

"Fundi, pima mudogo wangu!"

Utepe ukashuka. Kahindo alikuwa bado hajaamini. Hakuiachia shingo ya dada yake.

"Yaya," akamwita dada yake kwa kumnong'oneza sikioni, "sema tena."

Séphora akasema tena.