Dakika Ishirini na Tano Hadi Astipalea

"Weka sinia kwenye mashine, Themelina."

"Litainama."

"Sheria ndiyo hiyo." Stamatis, mkaguzi wa mizigo katika uwanja wa ndege wa kisiwa cha Leros, alitabasamu. "Miaka kumi na mmoja unatupigia deki hapa, leo unajifanya mgeni?"

Themelina akalisukuma mwenyewe, taratibu, kama anayelaza mtoto. Chini ya kitambaa kulikuwa na ngano ya kuchemsha ya arobaini ya mama yake, ile inayoombewa mezani kanisani kisha watu wakagawiwa viganjani: lozi, komamanga, na juu sukari laini iliyochorwa msalaba. Alikuwa amemkataza wifi yake, Kalliopi, asichemshe hata punje. "Ngano ya mama yangu nitaileta mimi." Kaka yake alimshauri apande meli ya Ijumaa kwenda kwao, kisiwani Astipalea; yeye akamcheka. Meli ya nini, na ndege ni dakika ishirini na tano? Kwenye ramani ya ukutani, aliyoifuta vumbi kila asubuhi, mstari wa kutoka Leros hadi Astipalea haukuzidi kidole gumba. Kilomita themanini hivi.

Maziko yalishampita kwa sababu ya upepo. Arobaini isingempita.

Ndege iliruka saa mbili na robo, sinia akiwa amelipakata. Kisiwa kikatokea, nyumba zake nyeupe zikipanda kilima, kisha kuba la kanisa. Kiwanja kikaja karibu, ndege ikayumba, kiwanja kikaenda zake. Rubani akazunguka, akajaribu tena. Kisha akatangaza kwa upole kwamba upepo wa ubavuni umezidi na wanarudi Leros.

"Nishusheni," Themelina alimwambia mhudumu, akijua anasema upuuzi. "Kanisa si lile pale?"

"Pole, mama. Funga mkanda."

Dakika nyingine ishirini na tano. Waliposhuka, maji ya komamanga yalikuwa yamepanda kwenye sukari na msalaba umepasuka. Akampigia wifi yake.

"Mwambie padri asubiri."

"Hadi lini? Redio inasema upepo mpaka Jumatano."

"Basi meza itakuwa tupu, Kalliopi. Mama atasomewa mbele ya meza tupu."

"Si tupu. Nilichemsha jana."

"Nilikukataza."

"Ulinikataza mimi, wifi. Upepo je, uliukataza?" Kengele ya kanisa ililia nyuma yake. "Wanaanza. Acha niingie."

Alitaka kusema asante, akakata simu. Akakaa chini ya ramani, sinia magotini, akiwa na hasira na asijue aielekeze kwa nani. Stamatis akaja akasimama mbele yake.

"Kesho kuna ndege?" Themelina alimuuliza.

"Kesho haziruki."

"Hivi kutoka hapa hadi Astipalea ni umbali gani, Stamatis?"

"Si unajua. Themanini."

"Mwongo wewe."

Stamatis alitazama kitambaa, kisha akavua kofia yake ya kazi na kuibana kwapani.

"Mama aliitwa nani?"

"Sevasti."

"Mungu amrehemu Sevasti," alisema, akakinga viganja.

Themelina alitafuta kijiko mkobani. Hakikuwemo. Kisha akafunua kitambaa, akapandisha mkono wa blauzi yake nyeusi, akazamisha vidole katikati ya msalaba.