Neno la Kwanza la Kilio

Mama yake Nasta alikuwa amelazwa kwenye benchi chini ya picha za watakatifu, miguu ikielekea mlangoni, ndani ya nyumba aliyokataa katakata kuihama. Nyumba hiyo iko nje kidogo ya Petseri, upande wa Urusi. Binti yake alikuwa upande wa huku, Estonia, amekaa mbele ya afisa usalama wa chuo kikuu anakofundisha, akiomba ruhusa ya kwenda kumzika. Si mbali. Zamani watu walikwenda na kurudi kwa basi la asubuhi, kapu la mayai mapajani, na hakuna aliyeiita safari.

“Pole sana, Daktari,” alisema Tarvo, yule afisa. “Lakini Urusi imo kwenye nchi zilizopigwa marufuku. Mtumishi haendi. Si kwa kazi, si kwa likizo, si kwa msiba.”

“Basi naacha kazi. Sasa hivi.”

“Ukiacha leo, mkataba unakushika mwezi mzima bado. Utavuka ukiwa mtu wetu.”

“Mama anazikwa kesho, Tarvo.”

“Kamati ya idhini inakaa wiki ijayo.”

“Basi iandikieni maiti iwasubiri!”

Tarvo hakukasirika. Angekasirika, Nasta angepata wa kumchukia, na chuki nayo ni mkongojo. Alivua miwani akayafikicha macho.

“Endel nilimruhusu mimi,” alisema.

Chuoni hapakuwa na asiyemjua Endel, mtafiti wa ndege wa mwituni, aliyekwenda Urusi kumwona kaka yake mgonjwa akakamatwa na kuitwa jasusi. Mpaka leo yumo gerezani.

“Mkewe huja hapa,” Tarvo aliendelea. “Anakaa hapo ulipokaa. Hanitukani. Afadhali angenitukana. Sasa sikiliza, dada. Mimi sina minyororo. Ukitaka kwenda, utakwenda. Ila kazi utaipoteza, na wakikushika sitakuwa na cha kukusaidia.”

Sisi Waseto, kabila dogo la huku mpakani, mpaka umetupasua kama kuni: makaburi yetu kule, mishahara yetu huku. Na kwetu marehemu hatolewi nyumbani kimyakimya kama kiti kibovu. Binti humwinamia mama yake akamlilia kwa wimbo, kwa maneno ya kale na mengine anayoyatunga papo hapo, na wanawake waliojaa chumbani humpokea. Kilio huanza mfiwa, ndipo wa mbali wakaingia. Mfiwa asipoanza, chumba kizima hukaa na koo zilizofungwa, na aibu hiyo husimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Nasta alikuwa bingwa wa vilio hivyo. Alikuwa amewarekodi vikongwe wa vijiji vyote, akavifundisha na kuvifafanua mikutanoni mpaka wageni wakatokwa na machozi. Yeye mwenyewe alikuwa hajalia hata kimoja, maana zamu yake ilikuwa haijafika. Jirani mmoja aliwahi kumtania kwamba yeye ni mpishi asiyeonja chungu.

Kesho yake asubuhi alikuwa Koidula, penye kivuko cha mpaka, kwenye foleni ya waendao kwa miguu, begi begani, kazi ameshaiaga moyoni. Hivyo ndivyo alivyojiambia. Lakini kila foleni iliposogea, yeye aliwapisha wengine. Alimpisha mama mwenye mtoto, akawapisha vijana wawili, akampisha hata mwanamume mnene aliyekuwa hana haraka yoyote. Alijiambia ni ustaarabu. Lakini kila alipoitazama kofia ya askari wa upande wa pili, alimkumbuka Endel.

Simu ikalia. Alikuwa mama mdogo Oksa, mdogo wa marehemu.

“Umefika wapi, mwanangu? Kasisi keshafika, wabebaji wako uani.”

“Niko Koidula.”

“Koidula upande upi?”

“Wa huku.”

Mama mdogo akapumua kwa nguvu.

“Basi mlilie hapohapo ulipo. Nakuweka kifuani kwake. Sema kwa sauti, tuko wengi.”

Nasta akasikia simu ikitua juu ya kitambaa. Akasikia kikohozi cha mtu, kiti kikiburutwa, kisha chumba kikanyamaza kumsubiri. Neno la kwanza alilijua. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hulijua. Kila kilio cha binti huanza vilevile: Nimekuja, mama, nimekuja kwako, ndege wangu mdogo.

Akafungua kinywa na neno likagoma. Walio hai tunadanganyana kila siku, na maisha yanakwenda. Aliyelala chini ya watakatifu hadanganywi.

Kule chumbani kasisi alinong’ona kwamba muda unakwenda.

“Sikuja, mama,” Nasta aliimba. Sauti ilitoka mbichi, nje ya mapigo. Watu wa foleni wakageuka. “Sikuja kwako, ndege wangu mdogo. Si mto ulionizuia, si theluji iliyonizuia. Walinikataza, mama, nami nikashukuru kukatazwa. Njia iko mbele yangu, mama, miguu haitaki. Usiwalaumu wao. Mimi ndimi niliyeogopa.”

Alidhani watakata simu. Badala yake sauti ya kikongwe mmoja ikadaka neno, ikafuata ya pili, kisha chumba kizima: sikuja, sikuja kwako. Waliliimba kana kwamba walikuwa wakilitafuta siku nyingi. Nasta akalia machozi hasa, kamasi zikimtiririka, hajali nani anamwona.

Kisha zikasikika hatua za wabebaji, na mama mdogo akaichukua simu.

“Mwanangu.” Nasta akajikaza kupokea lawama. “Maneno yale umeyatoa wapi?”

“Sijui, mama mdogo. Yametoka tu.”

“Yashike, yasikupotee. Kamfundishe Kalju wangu.” Kalju ni mwanawe wa pekee, polisi wa huku kwetu, na polisi nao wamekatazwa kuvuka. “Wanaume wazito wa kulia, aanze mapema. Mimi kifua hiki hakinifikishi mbali.”

Nasta akasema atamfundisha. Akajipangusa uso kwa kiganja, akaliweka begi vizuri begani, akatoka kwenye foleni. Mzee aliyekuwa nyuma yake akamshukuru kwa kumwachia nafasi.