Hatua Arobaini

Karani wa kampuni alipima ramani kwa ncha ya kalamu. Kutoka pale simu ilipoandika "Umefikishwa" hadi getini kwa mteja, hatua arobaini. Gari lililokimbia bila kusimama lilimgonga Chapuchapu, dereva wao wa kusambaza mizigo, akivuka barabara kwa miguu kwenye hatua ya ishirini, mzigo wa dawa ukiwa bado mgongoni.

"Ulibonyeza saa nne na dakika sita," karani alisema. "Ajali imetokea sekunde kumi na tano baadaye. Bima inamlinda dereva mshirika aliye kazini, dada yangu. Wewe ulikuwa umeshamaliza."

"Mzigo nilikuwa nao mgongoni."

"Mfumo hausemi hivyo. Hata mteja mwenyewe kaandika: nyota tano, amefika mapema."

Mteja yule, bibi wa watu, ndiye aliyetoka mbio akamfunga mguu kwa kitambaa chake cha kichwa. Nyota alizitoa kwa huruma. Tenda wema nenda zako. Huu wake ulibaki nyuma kutoa ushahidi dhidi ya Chapuchapu. Chapuchapu hakukasirika, hakulia. Daktari alikuwa amesema mguu usipopasuliwa wiki hii utaunga kombo, na bila bima hakuna upasuaji. Hilo nalo alilisikia kama tangazo kwenye redio ya jirani.

Nje, Mzee wa Kona, dereva mkongwe aliyemfundisha kazi, alikuwa akimsubiri. Ndiye aliyemwambia siku ya kwanza: "Ukiliona geti tu, bonyeza, mwanangu. Ukichelewa dakika moja, oda nzuri wanapewa wenzako." Madereva wote hufanya hivyo. Haraka haraka haina baraka, wanajua sana, ila pole pole haina oda.

"Wamesemaje?"

"Sikuwa kazini."

"Loo!" Mzee alivua helmeti, akaivaa tena. "Na ni mimi niliyekufundisha."

"Yaache, baba. Twende."

Mzee alimpakia nyuma ya pikipiki yake ya magurudumu matatu, mguu wenye plasta umenyooshwa juu ya maboksi. Mojawapo lilikuwa la kufikishwa njiani. Walipoliona geti la bluu, kidole gumba cha mzee kilinyanyuka kwa mazoea, kikasita. Akazima injini. Akashuka na boksi, akavuka barabara, akagonga, akasubiri. Simu ikaanza kulalamika: umechelewa, umechelewa. Akalikabidhi boksi mkononi mwa mwenyewe, ndipo akabonyeza.

Chapuchapu alizihesabu hatua za mzee za kurudi. Zilipofika ishirini, mguu wake mwenyewe ulianza kumuuma.