Unga wa Mzee Kumbukumbu

Kaka yangu namwita Profesa, na simwiti hivyo kwa heshima. Shule aliiacha mapema aje kusaga viungo na Baba, lakini mpe simu na nusu saa tu, atakueleza kilichomo ndani ya manjano, kinavyoulinda ubongo, na kwa nini lazima yachanganywe na pilipili manga ndipo mwili uyapokee. Si kwamba anatunga. Wataalamu wanayachunguza mambo hayo kweli. Tatizo la Profesa ni kwamba wataalamu wakiandika "huenda", yeye anasoma "hakika".

Basi akatengeneza unga wake: manjano, pilipili manga, majani makavu ya rozimari na tangawizi kidogo. Tukaufunga kwenye pakiti zenye picha ya Baba akicheka. Picha ile haikuwekwa hivi hivi. Baba alikuwa na kichwa cha ajabu. Ukinunua iliki kwake leo, ukapotea mwaka mzima, siku ukirudi atakuuliza kama yule mwanao mwenye pumu anaendeleaje. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kumbukumbu, nasi jina hilo tukalipiga chapa. Unga ukawa haukai rafuni.

Halafu Mzee Kumbukumbu akaanza kusahau.

Akawa anaiacha mashine ikinguruma bila kitu ndani. Akasaga mdalasini juu ya mabaki ya pilipili bila kusafisha, kosa ambalo zamani angemfukuzia mtu kazi. Kubwa zaidi, akawa anauliza Mama yuko wapi, na Mama tulikuwa tumeshamzika. Nilipomwambia ukweli alilia kama ndiyo kwanza anasikia. Kesho yake akauliza tena. Mwisho nikawa nasema katoka kidogo, na moyo unaniuma kila ninaposema. Chakula akawa anakionja tu, kisha anakaa kwenye kiti chake ameutazama ukuta.

Nikamwambia Profesa tumpeleke hospitali. Akasema tuvute subira, akaongeza kijiko cha unga kwenye maziwa ya Baba. Nikamwambia tena. Safari hii akasema watu wakimwona mtu wa kwenye pakiti amepanga foleni kliniki, nani atanunua tena? Hapo nilichemka. Nilimwambia kama anamficha baba yake kwa ajili ya biashara aseme wazi, tujue moja. Tukanuniana. Duka dogo, watu wawili hawasemezani, mashine inapiga kelele katikati: raha iliyoje!

Yaliyotuondoa pale aliyaleta Baba mwenyewe. Alikuja mama mmoja, fundi cherehani, kununua pakiti nyingine. Mumewe alikuwa ameanza kupotea ndani ya nyumba yao wenyewe, anafungua kabati akidhani ni mlango wa nje. Hakutaka kuongea na mimi wala Profesa. Alimtaka mwenye picha, amwambie kama unga unafaa kweli.

Baba aliishika ile pakiti, akaigeuza, akajitazama.

"Mama, mimi huu nakunywa kila asubuhi," akamwambia. "Na sasa hivi sijui kama leo nimekunywa. Mumeo mwonyeshe daktari."

Wateja wakacheka, wakidhani ni utani wa Mzee. Yule mama hakucheka. Aliirudisha pakiti mezani taratibu, akamshukuru, akaondoka. Profesa akazima mashine. Bila kunitazama akaniambia nimtafutie Baba shati safi.

Daktari alikuwa mama mpole, asiye na haraka. Alimwambia Baba achore saa, amtajie vitu alivyomwonyesha muda mfupi uliopita, kisha akamuuliza habari za usingizi na chakula. Alipomaliza akatueleza bila kuzunguka. Ubongo wa Baba umeanza kuchoka, na kwa hilo hakuna dawa ya kuurudisha ulivyokuwa. Lakini juu yake kuna sonona, huzuni iliyogeuka ugonjwa tangu afiwe na mkewe, na hiyo inatibika. Manjano ale kwenye mchuzi kama watu wengine. Ule unga wa vijiko uachwe, usije ukagongana na dawa.

Kisha akauliza tulianza kuona dalili lini.

Nilidakia mimi, maana nilijua Profesa atapamba. Nikasema ni baada ya msiba wa Mama.

"Si kweli," Profesa akasema. Sauti yake sikuitambua. "Ni kabla ya hapo. Tulikuwa tunarudi nyumbani jioni, njia yetu ya siku zote, akasimama akaniuliza tunaelekea wapi. Sikumwambia mtu. Nikaanza kusoma. Ule unga niliutengeneza kwa ajili yake, daktari, hata wazo la kuuza sikuwa nalo. Nilidhani nitawahi."

Nilikaa naye duka moja muda wote huo nikimwona mchoyo, kumbe alikuwa anaogopa peke yake. Sasa alikuwa analia waziwazi, mtu mzima na ndevu zake, hata machozi hafuti.

Baba alimtazama. Kisha akaniinamia, akaninong'oneza kwa huruma ile ile aliyokuwa nayo kwa kila mteja.

"Mwanangu, mtafutie huyu kijana maji ya kunywa. Naona ana mgonjwa."