Mbavu Mbili Zilizovunjikia Dakar

Irakoze alifika kwao Makere, mkoani Kigoma, mwezi wa tatu, kifua kimefungwa bendeji chini ya blauzi. Mama yake, Theodosia, alikuwa akipalilia maharage. Alipomkumbatia, binti aliguna kwa maumivu.

"Umeumia wapi?"

"Mbavu, mama. Mbili zimevunjika."

"Huko huko hotelini?"

Kwa miaka saba mama alijua mwanawe anafanya kazi hotelini Dar es Salaam. Kweli alianzia huko. Mwamvua, muuza vitenge wa Kasulu, alimpeleka kwa dada yake Kigamboni, mwenye nyumba ya wageni ufukweni. Wageni walikuja na mbao za kuteleza juu ya mawimbi. Irakoze akaazima mmoja, akaanguka mwezi mzima, kisha akasimama. Sasa hiyo ndiyo kazi yake. Alishashindana Madagaska, Moroko na Senegali.

Hakusema nyumbani kwa sababu ya mjomba Reverien. Familia ilipokimbia vita Burundi, Theodosia alimshika mdogo wake huyo mkono wavuke mto Malagarasi. Mto ukamchukua. Tangu hapo Theodosia hakukanyaga tena maji yanayopita magoti.

Safari hii Irakoze aliketi kwenye tuta akaeleza yote. Dakar, wimbi lilimbamiza kwenye mwamba. Kamba inayofunga ubao na kifundo cha mguu ikanasa kwenye jiwe, naye akabaki chini.

"Ukafanya nini?"

"Niliacha kuvuta. Nikajikunja, nikapapasa kifungo, nikafungua."

"Uliogopa?"

"Sana. Ila baada ya kutoka."

Theodosia alipalilia mstari mzima. Irakoze alingoja kukatazwa.

"Reverien hakujua kuogelea," mama alisema hatimaye. "Hata mimi. Hatukuwa na wa kutufundisha." Akakwangua udongo kwenye jembe. "Lakini umenidanganya miaka saba, mwana wanje, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma. Usirudie."

Kufikia mwezi wa saba mbavu zilikuwa zimeunga, na Irakoze akaenda kushindana Durban. Asubuhi ya mashindano simu iliita. Mama alikuwa amepanda kilima cha nyuma ya shule, panaposhika mtandao.

"Maji ya leo yakoje?"

"Makubwa, mama."

"Basi tazama kwanza mawe yako wapi."

Irakoze akamweleza mawe yalipo, moja moja, mpaka jina lake lilipoitwa. Siku hiyo alishika nafasi ya nne.