Mikono ya Bibi Haimo

Mzazi mwenzangu, ukisikia mtoto anasema "nimesharekodi," usilale. Mama yake Chaji alilala.

Chaji ni jina alilopewa na bibi yake, maana kila akiingia hutafuta kwanza pa kuchomeka simu, kuamkia baadaye. Bibi alikuwa fundi wa vikapu. Kusuka wanajua wengi. Kufunga mdomo wa kikapu usifumuke alijua yeye peke yake, na mkono wake wa kulia ulishaanza kutetemeka. Mama akahaha. Yeye alipofundishwa usichanani, masikio yalikuwa redioni. Akamhimiza bintiye, nenda kajifunze mapema.

"Nimesharekodi, mama. Yote yamo humu."

"Na kichwani?"

"Kichwani kumejaa."

Wiki ileile bibi akaamka mkono umepooza. Mama hakai, hasimami. Vikapu vitatu pembeni, midomo wazi.

"Lete hiyo simu."

Wakatazama. Bibi kavaa kitambaa kipya cha kichwa, anacheka: "Huu unaupitisha hapa, unaurudisha hivi." Ni uso tu, hadi mwanya wa meno. Mama akapeleka mbele, akarudisha nyuma. Mikono haimo.

"Alikuwa amependeza," Chaji akasema taratibu. "Nikausogelea uso."

Bibi, pale kitandani, akataka naye ajione. Akatabasamu upande mmoja. "Nimetoka vizuri. Ila nilikuwa nakuonyesha wewe, mjukuu wangu. Kila nikikutazama, umetazama kioo cha simu."

Akaagiza kikapu. Kwa mkono wa kushoto akashika kidole cha Chaji, akakisukuma chini ya ukindu wa pili. Wakakosea, wakafumua, wakaanza upya. Mama mlangoni anajikuna viganja, anasikiliza pumzi za mamake.

Simu ikalia mezani. Kidole cha Chaji kikasita.

"Ukiachia, kinafumuka chote," bibi akasema.

Ikalia tena. Mama akainyakua, akatoka nayo uani ili mtoto atulie. Huko uani, Mungu amsamehe, akachungulia ni nani. Mtu katuma picha za harusi. Akatazama ya kwanza, akatazama gauni, akatazama na zilizofuata.

Aliporudi mbio, mdomo wa kikapu ulikuwa umefungwa, na Chaji anapuliza kidole chake.

"Umeona, mama?"

Hakuona. Mara ya pili hiyo katika maisha yake.

"Vimebaki viwili," bibi akasema, akipumua kwa shida. "Weka hiyo simu, mwanangu. Kaa hapa."